Baba Mdogo Yuko Shanghai

*Baba Mdogo:* Assalaam alaikum wana ukoo. Nimefika salama. Mji wenyewe siutambui.

*Shangazi:* Waalaikum salaam, alhamdulillah. Si ulijigamba utatembea bila ramani? 😂

*Baba Mdogo:* Niliyasema hayo sijashuka kwenye ndege, dada.

*Dada:* Picha basi, baba mdogo!

*Baba Mdogo:* 📷 Hapo niko Bund, kwenye majengo ya mabenki ya zamani. Ng'ambo ya mto Huangpu ni Pudong. Tulipokuwa chuo hapa Shanghai, miaka ya 80, kule kulikuwa na maghala, viwanda na mashamba ya mboga. Serikali ilitangaza kuiendeleza Pudong mwaka 1990, mimi nimeshaondoka. Leo kuna jengo la mita 632!

*Kitinda Mimba:* Burj Khalifa ya Dubai ni 828, baba. Bado hao 😎

*Baba Mdogo:* Haya, mjuaji. Kinachonichekesha ni watalii. Zamani tulipiga picha tukiyaelekea haya majengo ya kale, mto uko nyuma. Sasa wote wameyapa mgongo, simu zinaelekea Pudong.

*Shangazi:* Na zile baiskeli ulizokuwa ukituandikia kwenye barua? Ulisema barabara nzima ni kengele tu.

*Baba Mdogo:* Zipo, ila pikipiki za umeme zimezifunika. Hazina mlio hata kidogo, unashtukia ipo kiunoni! Jana moja nusura inizoe, nami nimekodolea ghorofa.

*Shangazi:* Tazama mbele wewe, huna tena umri wa kuruka mitaro.

*Dada:* Hakuna kilichobaki?

*Baba Mdogo:* Kivuko! Chini ya mto kuna treni, juu kuna madaraja, lakini watu bado wanapanda kivuko na baiskeli zao. Nauli yuan 2. Nimevuka nikarudi, sina ninachokifuata ng'ambo.

*Shangazi:* 🤣🤣 Chakula je?

*Baba Mdogo:* Eh, hilo nalo. Enzi zile hata andazi la mvuke lilitaka kuponi ya nafaka, pesa peke yake haikutosha. Leo nimetoa noti, mama muuzaji hana chenji, ananionyesha kibao cha kuskani. Kijana aliyekuwa nyuma yangu kanilipia kwa simu, noti yangu kaikataa katakata.

*Kitinda Mimba:* Baba, pakua Alipay, app ya kulipia kwa simu, unaunganisha na kadi yako ya benki. Nikupigie nikuelekeze?

*Baba Mdogo:* Baadaye. Andazi linapoa.