Naomba ushauri: vifaa vya upande wa kutoa sauti kwenye DAC ya kujitengenezea (TDA1541A), nipo Dodoma

ZabibuChachu

Wakuu habari za jioni. Mafundi na wapenzi wa muziki, naombeni mawazo yenu.

Nimeokota bodi ya deki ya CD ya Philips ya zamani, ile yenye IC ya TDA1541A. Lenzi ilishakufa siku nyingi, kasha na transfoma vilishaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mimi nikawahi bodi tu. Nataka niitumie hiyo IC kwenye DAC (kifaa cha kugeuza muziki wa dijitali kuwa sauti) ya kujitengenezea. Upande wa kuingiza nimeshamaliza, nina kibodi kinachopokea USB kutoka kwenye laptopu na kutoa I2S, yaani muziki ukiwa bado wa dijitali. Kazi imebaki kwenye kutoa sauti. Kama mnavyojua, TDA1541A haitoi volti, inatoa mkondo, kwa hiyo nahitaji opampu (IC ya kukuza mawimbi) ya kuugeuza kuwa volti, kichujio chake, na umeme wa kulisha vyote.

Nimezunguka Majengo, nikaenda Sabasaba, kila duka la vipuri ni opampu za 4558 na IC za sabufa. Kapasita zilizopo ni zile za kubadilisha kwenye TV na ving'amuzi. Kuna muuzaji mmoja ana opampu ya NE5532, lakini maandishi yake yamekaa kama yamepigwa jana kwa wino, nami sijamwamini.

Je, nijilipue na hizo za hapa, nipande treni niende Kariakoo, au niagize nje? Na ni kifaa kipi hasa ambacho hakitaki ubahili? Sina hela ya kununua kila kitu cha daraja la kwanza.

PangaBoi

Mkuu kwa nini ujitese? Chukua IC nyingine ya DAC, PCM5102A, inauzwa ikiwa kwenye kibodi kilichokamilika. Inatoa volti 2.1 moja kwa moja, volti hasi inajitengenezea yenyewe ndani. Kwa kila chaneli ni rezista ya ohm 470 na kapasita ya nano(faradi) 2.2 basi, na mara nyingi unakuta vimeshachomelewa. Usiku huohuo unasikiliza muziki. Hiyo yako ni biti 16 za miaka ya 80.

ZabibuChachu

Hiyo ninayo mkuu, ndiyo inayopiga hapa sasa hivi. Hii nyingine ni kwa raha zangu. Wenzangu wanafuga njiwa.

NyukiManyoni

😂😂 Mwacheni na njiwa wake.

Hiyo NE5532 ya wino usiilipie kabla hujaipima, na kuipima hauhitaji hata umeme. NE5532 halisi ina diodi mbili ndani, zimewekwa kinyume, kati ya miguu miwili ya kuingizia. Weka mita kwenye alama ya diodi, gusa mguu wa 2 na wa 3. Utasoma 0.6 au 0.7 hivi. Geuza waya za mita, utasoma vilevile. Rudia mguu wa 5 na wa 6. 4558 haina diodi hizo, TL072 nayo haina, mita itakaa kimya. Muuzaji akikukataza kupima, hilo nalo ni jibu.

Ikipita hapo, ukifika nyumbani ilishe volti 12 chanya na 12 hasi bila kuipa kazi, uangalie inakula mkondo kiasi gani. NE5532 huwa kwenye mA (miliampea) 8 kwa IC nzima, 4558 kama nusu yake au pungufu. IC nyingi za majina makubwa huku mitaani ni 4558 iliyosuguliwa mgongo ikaandikwa upya. Na ukikuta OPA627 inauzwa bei ya soda, cheka uondoke.

PangaBoi

Sasa 4558 ina ubaya gani jamani? Sabufa langu lina 4558 na mtaa mzima unalisikia.

mzee_wa_kaseti

Mtaa kulisikia si hoja, kijana wangu.

Kwenye sabufa, 4558 inapokea sauti ambayo imeshalainika. Kwenye TDA1541A, opampu inapokea mkondo unaoruka ngazi kwa ngazi, ghafla, mara 44,100 kwa sekunde kama hakuna kichujio cha dijitali mbele yake, na inatakiwa ifuate kila mruko. 4558 inapanda kama volti 1 tu kwa maikrosekunde, NE5532 inapanda 9. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalisomi: mguu wa kutolea wa TDA1541A hautaki kuona volti. Datashiti ya Philips inaruhusu milivolti 25 tu juu au chini ya sifuri. Kazi ya opampu ni kuushikilia mguu ule kwenye sifuri wakati mkondo unapita. Ikichelewa, volti zinajaa pale na IC inaanza kukosea, hata uiwekee kapasita za dhahabu huko mbele.

Kwa hiyo atakayekuja kukuambia uweke rezista tupu bila opampu, mpigie hesabu. IC inatoa hadi mA 4. Ohm 10 tu zimeshafika milivolti 40.

Sasa ZabibuChachu, kabla hujakata tiketi ya kwenda Kariakoo, hebu itazame vizuri hiyo bodi uliyonayo. Deki za Philips za enzi hizo mara nyingi zilikuwa na NE5532 au LM833 jirani kabisa na TDA1541A, zikifanya kazi hiyohiyo unayoitafutia opampu. NE5532 ni ya Signetics, na Signetics ilinunuliwa na Philips mwaka 1975, hivyo hawakuwa na sababu ya kuweka feki. Tazama pia vikapasita vya nano 100 vilivyoizunguka IC. Vipo 14, kwenye mguu wa 7 hadi wa 13 na wa 18 hadi wa 24. Vile si pambo. Ndivyo vinavyotuliza migawanyo ya mkondo humo ndani, na watu wengi wanaing'oa IC peke yake wanaviacha.

ZabibuChachu

Shikamoo mzee. Nimetoka kuiangalia kwa tochi ya simu. Zipo IC mbili za miguu minane, zote NE5532! Nimeweka mita kama NyukiManyoni alivyoelekeza, inasoma 0.6 na kitu pande zote. Vikapasita navyo vipo vyote. Kumbe nimezunguka mji mzima na mzigo upo kabatini.

BintiMitambo

Kaka, ukishazing'oa zipime tena. Zikiwa bado kwenye bodi, rezista za jirani zinaweza kuidanganya mita.

Mimi nipo UDOM, nilishawahi kuipigia hesabu IC hii, nakupa ninavyoijua. Rezista ya kurudishia kwenye opampu weka kilo-ohm 1.5. mA 4 mara 1.5k ni volti 6 kutoka kilele hadi kilele, yaani kama 2.1 kwa kipimo cha kawaida, karibu sawasawa na deki yoyote ya CD. Sambamba na hiyo rezista weka kapasita. Ya nano 2.2 inaanza kukata kwenye kilohezi 48, na kule kilohezi 20 unapoteza desibeli 0.7. Ya nano 1 inakata kwenye kilohezi 106, hasara haifiki 0.2. Kwa kuwa unaingiza I2S moja kwa moja bila kichujio cha dijitali, IC yenyewe itakushushia kama desibeli 3 kwenye kilohezi 20, kwa hiyo usijiongezee hasara. Mimi ningechukua nano 1.

Na kapasita hiyo moja ndiyo isiyotaka ubahili. Usiweke ile ya seramiki ya kawaida, X7R na ndugu zake, kwa sababu ujazo wake hubadilika volti zinapobadilika. Hapo volti ndiyo muziki wenyewe, kwa hiyo unakuwa umeweka kifaa kinachoukunja muziki. Tafuta C0G, wengine wanaiandika NP0, au polipropilini, au polistairini.

SikioLaDhahabu

Naunga mkono ila mmesahau mambo ya msingi. Rezista nazo zina sauti. Mimi nilibadilisha zote nikaweka za tantalamu, uimbaji ukasogea mbele, besi ikafunga. Na kapasita za kutolea bila mafuta ndani yake ni kupoteza muda.

mzee_wa_kaseti

Rezista za metali za asilimia 1 zinatosha. Hela ya tantalamu anunue transfoma.

NyukiManyoni

Hapo kwenye transfoma ndipo penye kazi, na hakuna aliyegusa. TDA1541A inataka volti tatu tofauti: 5 chanya, 5 hasi na 15 hasi. Ukichukua transfoma ya sabufa, nyingi ni 12-0-12. Ukiinyoosha kwa diodi na kapasita unapata kama 16, na 7915 (IC ya kutuliza umeme kwenye volti 15 hasi) inataka kama volti 2 juu ya zile 15 ili itulie. Umeme ukishuka kidogo saa mbili usiku, mngurumo unaingia kwenye muziki. Tafuta 15-0-15. Hiyo inakupa karibu 20, opampu utailisha 15 na 15, na hizo 5 utazitoa humohumo kwa 7805 na 7905, ila hizo mbili zitapata moto kwa hiyo zipe bati kubwa la kupoza. Transfoma kama hiyo utaikuta kwenye amplifaya mbovu za miaka ile. Waulize mafundi redio, usiulize dukani.

Halafu usije ukachomelea 7915 ukidhani imekaa kama 7815. Kwenye 78, mguu wa 1 ni kuingia, wa 2 ardhi, wa 3 kutoka. Kwenye 79, wa 1 ni ardhi, wa 2 ni kuingia, wa 3 kutoka. Na mgongo wa 79 umeungana na mguu wa kuingia, si ardhi. Ukizifunga 78 na 79 kwenye bati moja bila maika ya kuzuia umeme katikati utapiga shoti.

Kung'oa: bodi kuukuu njia zake za shaba hubanduka upesi, lakini wewe bodi huihitaji tena, kinachotakiwa ni IC itoke nzima, isiungue. Ongeza risasi mpya kwenye kila mguu kwanza, ndipo uinyonye yote kwa pampu. Risasi ya zamani peke yake ni mbishi. Usikae na solda kwenye mguu mmoja. Ukiirudisha, tumia soketi.

ZabibuChachu

Asante sana wakuu, mmenipunguzia safari. Sasa hiyo nano 1 nitaipata wapi? C0G kwa mauzauza ya maduka yetu sidhani.

mzee_wa_kaseti

Redio mbovu za zamani, za mkulima zile. Fungua upande wa stesheni, kuna vikapasita vya plastiki inayoonyesha ndani, unaona foili imeviringwa. Hizo ni polistairini. Nyingi ni za pikofaradi mia na kitu, ila ukipekua redio kadhaa nano 1 hukosi, au unganisha mbili sambamba za 470, inakuwa 940, hakuna sikio litakalojua. Zinayeyuka kwa joto la solda, kwa hiyo bana mguu kwa koleo karibu na mwili wake wakati unachomelea. Chukua zinazofanana kwa kulia na kushoto, uzipime kabla.

BintiMitambo

Ukishindwa kabisa, agiza nje hicho kimoja tu. Kwa Mouser au DigiKey, wauzaji wa vipuri mtandaoni, utapata halisi, ila usafiri utazidi bei ya vifaa mara nyingi sana, na ukumbuke VAT ya asilimia 18 mzigo ukifika. Labda tuchangiane watu kadhaa. Kwa AliExpress mimi nanunua soketi, rezista na vibodi vitupu. Opampu za huko sinunui.

PangaBoi

Ijumaa nashuka Dar kwa SGR, Jumapili narudi. Andika unachotaka nipitie Kariakoo, ila kiwe kifupi, sitaki kuanza kupima diodi dukani.

ZabibuChachu

Hapo umenifaa mkuu. Rezista za metali asilimia 1, kilo-ohm 1.5 nne, mbili ziwe za akiba. 7805, 7905, 7815, 7915, moja moja. Soketi moja ya miguu 28 na mbili za miguu 8. Kapasita za kunyooshea umeme, maikro 2200 za volti 35, zile za nyuzi 105, nne. Na za kutolea sauti, mbili. Hizo za mwisho ndizo sijui niandike ngapi.

BintiMitambo

Za kutolea huwezi kuziruka. Mkondo wa TDA1541A hauchezi kwenye sifuri, katikati yake ni mA 2, na mA 2 mara 1.5k ni volti 3 zinazokaa kwenye mguu wa opampu muda wote, muziki uwepo usiwepo. Bila kapasita zinaingia kwenye amplifaya. Amplifaya yako ikiwa kilo-ohm 10, maikro 10 inakata chini ya hezi 2, na maikro 2.2 inakata kwenye 7. Zote zinafaa. Kwa hiyo mwambie PangaBoi atafute maikro 2.2 ya polipropilini, volti 63 au zaidi, ndizo rahisi kupatikana kwa sababu zinatumika kwenye kroso (sakiti za kugawa besi na sauti nyembamba) za spika. Na kila upande uwekee kilo-ohm 100 kwenda ardhini baada ya kapasita, usije ukasikia mlio ukichomeka waya.

PangaBoi

Maikro 2.2 polipropilini mbili, volti 63. Nimeandika. Wakikosa?

NyukiManyoni

Wakikosa chukua maikro 10 za kawaida za volti 25, lakini ZabibuChachu asizichomelee kwanza. Awashe bila hizo, apime mguu wa kutolea wa opampu kuona zile volti 3 ni chanya au hasi, ndipo aelekeze mguu wa chanya wa kapasita panapostahili.