Nimelipa 2,640,000 mama mkwe wangu wa Songea akalazwe chumba cha Götzen. Hoteli ya "kihistoria" hapa Dar imenichefua

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nimesubiri siku 4 hasira zishuke ndipo niandike, hazijashuka.

Jina la hoteli silitaji, msinifuate PM. Ni nyumba ya kale katikati ya mji, upande ule ambao wazee bado wanauita Uzunguni, imekarabatiwa ikawa hoteli ya kifahari. Tangazo lao linasema "ishi kama enzi za magavana". Hapo tu ningetakiwa kushtuka. Sikushtuka, macho yangu yalikuwa kwenye roshani na milango ya mbao.

Mama mkwe ametimiza miaka 70. Mke wangu na mimi tukasema safari hii asifikie kwetu Kimara kulala chumba kimoja na wajukuu, tumlaze karibu na bahari siku mbili apumzike. Vyumba viwili, usiku mbili. Bei wameiandika dola 240 chumba kwa usiku. Nikamuuliza dada wa mapokezi, nyie hamjasikia kanuni za Machi 2025? Huduma ya ndani ya nchi bei yake ni shilingi, siyo dola. Akatabasamu: "Tunakubadilishia hapahapa kaka, usijali." Akabadilisha kwa 2,750, kiwango cha kwao wenyewe, ikaja 2,640,000. Nikalipa. Ndiyo, nililipa, nisimangeni.

Sasa sikilizeni. Mama alitoka Songea kwa basi, akashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Mimi nilikuwa saiti, mke wangu kazini, tukamtafutia gari la kumleta moja kwa moja hotelini. Amevaa kitenge chake kizuri, mkononi kapu la maharage na dagaa wa Nyasa, maana mama wa Kingoni haendi kwa mwanawe mikono mitupu hata ukimwambia anaenda Ikulu. Mlinzi wa getini akamwambia: "Mama, wa jikoni wanapitia nyuma."

Akazunguka nyuma. Hakubisha, ni mtu mzima, alidhani ndio utaratibu. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa karibu na mitungi ya gesi, kapu miguuni, amekaa hapo dakika 40. Muda huohuo getini kwa mbele wanaingia watalii wamevaa kaptula na ndala, wanapokewa kwa madafu na vitambaa vya baridi vya kufuta uso.

Aibu niliyoipata siwezi kuieleza hapa. Wenye wakwe mnajua. Nikaanza "shikamoo mama, nisamehe sana", yeye ndiye akawa ananituliza: "Marahaba baba Neema, si kitu, nimepumzika pumzika hapa na wenzangu." Alishafahamiana na wapishi wawili. Mmoja kwao ni Peramiho.

Meneja akaja, akaomba radhi ile ya mdomoni, akasema walinzi ni wa kampuni nyingine. Nikameza. Nikasema siku ya mama isiharibike.

Tukapandishwa juu. Vyumba havina namba, vina majina kwenye vibao vya shaba. Mimi na mke wangu tukapewa WISSMANN. Mama akapewa GÖTZEN. Ndani ya kila chumba kuna picha kubwa ya mwenye jina, sharubu na medali, juu ya kitanda. Yaani unalala, yeye anakuangalia.

Kwa waliosinzia kwenye somo la historia. Wissmann ndiye aliyeletwa na Wajerumani kuja kuzima upinzani wa Abushiri huku pwani, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Baadaye akapewa ugavana. Sanamu yake ilisimama palepale ilipo sanamu ya Askari leo, pale Samora. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916 waliing'oa, na ya Askari ikasimikwa 1927. Mkoloni mwenzake alimng'oa, sisi tumemrudisha chumbani kwa dola 240.

Huyu Götzen sasa. Alikuwa gavana kuanzia 1901 hadi 1906. Maji Maji ilipigwa chini yake. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa, kwa sababu jeshi lake lilichoma mashamba na maghala makusudi ili watu washindwe kupigana. Tarehe 27 Februari 1906 pale Songea walinyongwa wapiganaji zaidi ya 60 siku moja, wakafukiwa kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Kila mwaka tarehe hiyo mji mzima unakumbuka, na mama mkwe hajawahi kukosa akiwa na afya. Babu yake alikuwa mtoto njaa ile ilipopita, aliwasimulia jinsi walivyochimba mizizi porini.

Hata meli ilivuliwa hilo jina! Ile meli ya Ziwa Tanganyika, Liemba, Wajerumani waliiita Graf von Götzen. Waliizamisha wenyewe vitani, Waingereza wakaiibua, ikarudi majini 1927 ikiitwa Liemba. Na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda mwenyewe mpaka Songea, makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha. Mwenye mji wa Berlin anainama Songea, sisi Dar tunamsugulia Götzen kibao kwa Brasso.

Mama hajui Kijerumani lakini kusoma anajua. Alisimama mlangoni muda. Akaniuliza, "Baba Neema, huyu ni yule?" Nikamwambia ndiye mama. Hakusema kitu. Aliingia akaweka kapu chini.

Nikashuka mapokezi kuomba chumba kingine. "Kaka vimejaa." Hata hivyo vingine ni Wajerumani watupu wa enzi hizo: Liebert, Rechenberg, Schnee, Lettow-Vorbeck. Nikauliza, hakuna chumba cha Majid? Dada akauliza Majid ni nani. Dada wa watu, hajui, sikumlaumu. Lakini wewe mwenye hoteli ya kihistoria Dar es Salaam, huyu sultani wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860, Mzizima ikawa Dar es Salaam, na Boma la Kale la wakati wake liko hatua chache hapo, bado limesimama! Kijitabu chao kilichowekwa kando ya kitanda kinadai nyumba "ilijengwa na Wajerumani mwaka 1875". 1875! Mjerumani Carl Peters alianza kuzunguka bara na mikataba yake ya kuchukua ardhi mwishoni mwa 1884, na kampuni yao ikafungua kituo hapa 1887. Mwaka 1875 Mjerumani gani wa kujenga hoteli? Au ni nyumba ya Mwarabu mmeipora mara ya pili?

Tuje kwenye jengo lenyewe, hapa nazungumza kama mtu wa ujenzi, miaka 11 niko kwenye kazi hizi. Chumba kinanuka uvundo. Rangi ukutani imetoka malengelenge, ukigusa inadondoka na unga mweupe wa chumvi. Dada wa usafi anasema "ni upepo wa bahari". Siyo upepo wa bahari. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, zilijengwa na kupigwa plasta ya chokaa. Ukuta wa namna hii unanyonya unyevu kutoka chini, na chokaa inauruhusu utoke nje taratibu, ukuta unapumua. Wao wamepiga plasta ya saruji halafu rangi ya plastiki juu yake. Unyevu umefungiwa ndani, unahangaika kutafuta njia, unabeba chumvi na kuisukuma rangi nje. Mkipaka tena itatoka tena. Fundi yeyote mzee wa Bagamoyo angewaambia hili kwa kikombe cha kahawa. Lakini pesa imeishia kwenye vibao vya shaba.

Usiku umeme ukakatika, jenereta likachelewa kuwaka karibu saa nzima, na likiwaka liko chini ya dirisha la mama. Maji ya moto hakuna siku zote mbili. Beseni la kuogea lina miguu ya simba, zuri kweli, halina kizibo.

Na kando ya kitanda kuna kengele ya shaba na kadi: "Piga kengele, boi atakuja." Wakuu, sitanii. Boi! Mke wangu alidhani ni utani, akaipiga. Akaja baba wa miaka kama 60, amevikwa kanzu nyeupe, kofia nyekundu ya tarabushi na mshipi mwekundu kiunoni, joto lote hili la Dar. Nikasimama nikamwamkia shikamoo. Akaitikia huku anaangalia nyuma kama kuna anayemwona. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wakisimama kuzungumza na wageni wanakatwa mshahara. Nikamwuliza kengele anaionaje. Akasema, "Mwanangu, nina watoto wawili sekondari."

Asubuhi "kifungua kinywa cha gavana": chapati mbili na maharage. Chai ya birika wanailipisha pembeni, 28,000. Mama akaonja maharage akaniangalia, akasema yaliyoko kwenye kapu yamewashinda. Hapo tu ndipo tulipocheka safari nzima.

Siku ya kuondoka wananiletea bili. 264,000 "huduma" ambayo haikutajwa popote, risiti ya kuandikwa kwa mkono, nikadai ya mashine. Kila siku tunaimbiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, nimedai, mashine "imeishiwa karatasi". Na chini kabisa: "Uharibifu wa picha, chumba Götzen: 50,000."

Nikapanda juu kuangalia. Mama alikuwa ameifunika picha kwa kitenge usiku wa kwanza, akakipachika kwenye pembe za fremu, na fremu ikapata mkwaruzo wa urefu wa njiti ya kiberiti. Alilala na bwana mkubwa amefunikwa kama maiti. Nilipomwambia kuhusu hiyo 50,000 akafungua pochi yake ya kifuani, akatoa noti 5 za elfu kumi zilizokunjwa, akaziweka mezani mwenyewe kabla sijamzuia. "Lipa baba Neema. Ni haki yao, nimemfunika."

Meneja alizipokea. ALIZIPOKEA.

*

Nyongeza, nawajibu wachache:

Mkuu unayesema "si ungeenda lodge Sinza yaishe", Sinza ningelala vizuri, tena kwa mtu anayejua shikamoo. Siyo hoja.

Anayesema historia haifutwi, sijasema ifutwe. Tundikeni picha ya Götzen ukumbini, chini yake andikeni alichofanya, na pembeni yake mtundike Songea Mbano. Nitalipia nije kuiangalia. Ninachokataa ni kumlaza mtu chini ya sharubu za aliyeua ndugu zake halafu mkaiita fahari.

Dada uliyeuliza kama mlinzi amefukuzwa: sijui, na sitaki afukuzwe yeye. Yeye kaambiwa nani apite wapi.

Wengi mmeuliza kama wamenitafuta. Wamenitafuta leo saa 10 jioni. Hawarudishi pesa. Wamenipa vocha ya usiku mmoja bure kwa watu wawili, chai siyo bure. Chumba wameshanitengea: Wissmann.