Mali iliyoachwa stoo: mnada wa Kisumu na Nakuru unaingiwa vipi?

Mwanagenzi_Ksm

Habari zenu wakubwa. Kwenye video za Marekani mtu ananunua stoo nzima iliyotelekezwa: kufuli linakatwa, wanunuzi wanachungulia kutoka mlangoni, bei inapanda, mshindi anabeba kila kitu. Nina 60,000 za kuanzia na rafiki mwenye pikapu. Mnada wa aina hiyo upo Kisumu? Tena kuna mwenye ploti huku Kondele ambaye mpangaji wake ametoroka na kodi ya miezi 4. Anasema nimpe 25,000, tuvunje mlango, vitu viwe vyangu. Na nikiwa mnadani, nitajuaje bei ya kusimama?

NyundoTatu

Tuanze na hilo la Kondele: usitoe hata shilingi. Mwenye ploti anadai kodi, lakini kudai si kumiliki. Sheria ya kushika mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inataka kazi hiyo ifanywe na dalali, yaani mwendesha mnada, mwenye leseni, na mlango uliofungwa unavunjwa kwa idhini ya mahakama. Asiye na haki ya kuuza hawezi kukupa haki ya kumiliki. Mpangaji akirudi, anachukua vitu vyake na wewe unabaki kumdai mwenye ploti. Na kwa kuwa unajua mali si yake, unaweza kujikuta mbele ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kupokea mali ya wizi. Kifungo chake kinafika miaka 14.

Hizo video zina sheria za kwao. Kule mkataba wa kukodi stoo pamoja na sheria za jimbo ndivyo vinavyompa mwenye jengo haki ya kuuza. Mnunuzi hagusi kitu kabla ya kulipa, kisha analazimika kuondoa kila kitu, takataka pia. Hapa kwetu mali inapelekwa yadi ya dalali na kuorodheshwa kitu kwa kitu. Hiyo ni faida kubwa kwako, kwa sababu unaruhusiwa kugusa, kufungua na kuuliza. Anayenunua hapa kwa kuchungulia tu ameitupa faida hiyo.

Mwendo wenyewe uko kwenye Kanuni za Madalali za 1997. Dalali anaandika orodha ya mali na kumpa mdaiwa siku 7 za kulipa. Zikipita, anaondoa mali na kuihifadhi. Ndani ya siku 7 tangu kuiondoa atangaze, na mauzo yasifanyike kabla ya siku 7 tangu tangazo la kwanza gazetini wala yasipite siku 14. Kwa hiyo ukiona tangazo, hesabu tarehe. Mnada uliotangazwa leo na kufanyika keshokutwa una kasoro, na kasoro hiyo mdaiwa anaweza kuipeleka mahakamani huku friji likiwa tayari sebuleni kwa mteja wako.

Mdaiwa ana nafasi ya kulipa mpaka dakika ya mwisho, na minada mingi hufa hivyo. Piga simu kwa dalali asubuhi ya siku yenyewe kabla hujatia mafuta kwenye pikapu. Uliza mambo matatu: mnada upo, amana ni kiasi gani na inalipwaje, na je, bei itakayotajwa ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ndani yake au itaongezwa juu. Leseni yake iwe ya mwaka huu. Bodi ya Leseni za Madalali ndiyo inayothibitisha.

Mnadani, mauzo yanakamilika nyundo inapogonga. Kabla ya hapo unaweza kuondoa bei yako, baada ya hapo huwezi. Mali inauzwa kama ilivyo na pale ilipo, hakuna kurudisha. Kwa kawaida unalipa yote siku hiyo hiyo, na ukichelewa kuondoa vitu unatozwa ada ya stoo kila siku. Usitoke bila risiti yenye jina lako, namba ya kila kitu na saini.

FundiBaridi_Nax

Nitaongezea upande wa kukagua, kwa sababu wengi wanaumia hapo. Siku ya kuangalia mali nenda na waya wa kurefusha umeme, tochi, mita ya fundi na kitambaa. Ukiambiwa yadi haina umeme, kila kitu cha umeme kipe bei ya kitu kibovu. Usibahatishe.

Friji: kabla ya kuchomeka, fungua sehemu ya barafu na upitishe kidole ukutani. Watu hukwangua barafu kwa kisu na kutoboa bati la alumini, gesi inatoka yote. Dalili ni tundu dogo lenye unyevunyevu wa mafuta kando yake. Tundu la namna hiyo linazibika, lakini mara nyingi halikai, na kama bomba limezikwa ndani ya ukuta wa povu, achana nalo. Halafu chomeka. Kompresa ikiguruma vizuri na bomba linalotoka kwake likapata joto, subiri dakika 20 hadi 30 uone kama ubaridi unaenea ukuta mzima. Ukikaa kona moja tu, gesi imepungua au bomba jembamba limeziba.

Kompresa isipowaka, toa rilei, kile kifaa kidogo cha kuiwashia kilicho ubavuni mwake, na upime pini tatu mbili mbili kwa mita. Kipimo kikubwa kiwe jumla ya vile viwili vidogo, mfano ohm 12 na 20 zikupe 32. Pini yoyote ikisoma na mwili wa kompresa, imeungua. Zikiwa sawa, shida huenda ni rilei, kitu cha bei ndogo, na hapo ndipo penye faida, maana wenzako wameshaliandika friji kuwa limekufa. Soma kibandiko cha friji pia: R600a ni gesi ya kupozea inayoshika moto, fundi asiwashe gesi ya kuchomelea kabla ya kuitoa nje. Friji lililosafirishwa likiwa limelala lisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa.

Televisheni: sauti ipo, picha hakuna? Ziba mwanga na umulike kioo kwa tochi kutoka karibu. Ukiona picha hafifu, ni taa za nyuma tu zimekufa, na fundi yeyote wa Nakuru mjini anazibadilisha. Kioo chenye ufa kama utando wa buibui, au mistari ya wima, ni skrini. Skrini inamaliza faida yote, nunua kwa bei ya spea tu.

Godoro na sofa: fungua zipu, angalia mishono. Vidoa vyeusi kama wino ni kunguni. Ukivipeleka stoo yako, umeharibu stoo yote. Mbao ikiwa na matundu madogo yanayomwaga unga mpya, wadudu wako hai ndani.

MamaStoo_Kibuye

Ndugu yangu Mwanagenzi, bei ya kusimama inaandikwa nyumbani, si mnadani. Chukua fungu moja la mfano: friji, TV ya inchi 43, sofa, meza. Uliza soko la Kibuye hapa Kisumu vitu hivyo vinauzwaje vikiwa vimetumika, chukua bei ya chini, tuseme jumla 70,000. Toa 10,500 za mteja kupunguza bei: 59,500. Toa matengenezo 9,000: 50,500. Pikapu na wabebaji 5,500: 45,000. Kodi ya stoo mwezi mmoja 4,000: 41,000. Faida yako 14,000: zinabaki 27,000. Kama VAT ya asilimia 16 inaongezwa juu, mdomo wako usipite 23,200. Iandike kwenye karatasi, iweke mfukoni. Mwingine akiongeza, mwachie.

Usimalize 60,000 kwa fungu la kwanza. Mtaji ukikaa wote ndani ya friji, utaliuza kwa hasara upate nauli.

Jumapili ndiyo siku kubwa Kibuye, kwa hiyo ununue mapema kwenye juma ili fundi apate siku zake. Masanduku ya bati na magodoro ya futi mbili na nusu yaweke mpaka Januari watoto wakirudi bweni. Vitanda, meza na mitungi ya gesi ya kilo 6 huenda haraka vyuo vinapofunguliwa, Maseno huku na Egerton kule Njoro.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote: ukikuta kitambulisho, cheti cha shule, hati ya shamba au picha za familia ndani ya droo, rudisha kwa dalali na umwambie aandike amevipokea. Hukununua hivyo. Kompyuta nayo ifutwe diski kabla ya kuuzwa.

Mwanagenzi_Ksm

Asanteni sana. Kondele nimeachana nayo. Je, simu, sola na pikipiki za mnadani?

FundiBaridi_Nax

Simu na sola za mkopo zinajifunga malipo yakisimama, na ukiifuta simu upya, kufuli hurudi ikishika intaneti. Iwashe, iunganishe na mtandao ukiwa hapo hapo. Ikikataa, ni spea.

NyundoTatu

Pikipiki: linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za logbuku, hati ya umiliki wa chombo, upapase kwa kidole kama chuma kimesuguliwa. Tafuta rekodi yake ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, uone jina la mkopeshaji kama bado limo. Kabla ya kulipa, hakikisha dalali atakupa hati ya mauzo, nakala ya tangazo la gazeti, na barua au amri iliyoagiza mauzo. Bila hizo hutabadilisha jina, na pikipiki isiyobadilishwa jina utaiuza kwa mtu wa spea tu. Nyaya za shaba na vyuma chakavu viache: Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka leseni yake peke yake.