Filamu ya mafundi wa kuchomelea Moshi: mistari kwenye picha na sauti inayochelewa

Kivuli_Moshi
Wakuu, habari zenu. Nina dokumentari ya kama dakika 15 kuhusu mafundi wa kuchomelea mageti hapa Moshi. Kwenye picha hizohizo nataka nitoe pia filamu fupi ya majaribio ya dakika 3, bila msimulizi wala mahojiano, cheche na sauti tu. Kamera ni simu ya Android, sauti inaingia kwenye rekoda pembeni. Shida ni mbili: ndani ya karakana chini ya tyubulaiti kuna mistari ya giza inapanda taratibu, nje haionekani. Halafu mahojiano ya dakika 40, mwanzoni mdomo na sauti viko sawa, mwishoni sauti imechelewa kama nusu sekunde. Kofi la kulinganishia picha na sauti limepigwa mwanzo na mwisho.

MkataPicha
Mistari kwanza. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, lazima ikamate mipigo mizima: 1/50 au 1/100, basi. Ukiiachia simu ijichagulie, inaweza kwenda 1/60 au 1/120 na mistari inarudi. Pakua Blackmagic Camera, programu ya kurekodi video, ni ya bure. Funga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) na rangi, zisijibadilishe zenyewe. Naona tayari upo kwenye fremu 25, maana ungekuwa kwenye 24 au 30 mistari ingekimbia, isingepanda taratibu.

Ila fundi akianza kuchomelea, mashine inavuta umeme na taa zinafifia. Hapo shata haina kosa. Weka paneli ya LED ya betri usoni kwake. Zile za bei rahisi usizipunguze mwanga, nyingi zinaanza kumeta. Iache 100% na uisogeze nyuma.

Rekoda_Arusha
Kuhusu sauti, usikimbilie kuivuta. Nenda dakika ya 20 upime imechelewa kiasi gani. Ikiwa ni robo sekunde, yaani nusu ya mwisho, ni saa za vifaa viwili kutofautiana tu: 0.5 gawanya kwa sekunde 2,400 ni karibu 0.02%, kwa hiyo iongezee sauti kasi iwe 100.02%. Hakuna sikio litakalojua.

Ikiwa dakika ya 20 iko sawa kisha inaruka ghafla, simu imerekodi fremu zisizo na kasi moja. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, chagua Constant Framerate (kasi moja ya fremu), ubora RF 16 (namba ikiwa ndogo, ubora ni mkubwa), ndipo uanze kuhariri. Kama ilipigwa kwa fremu 30, iache 30. Ukiilazimisha 25, programu inatupa fremu na mwendo unakuwa wa kugugumia.

Na mahojiano ya dakika 40 kwa mkupuo ya nini? Kata kila dakika 10, piga kofi upya. Kabla hamjaondoka, rekodi dakika nzima ya karakana ikiwa kimya, utaihitaji kuziba maungio.

Cheche
Kwa ile ya dakika 3 mimi nafuata njia nyingine kabisa: mistari iache, tena iongeze. Shata 1/500 chini ya tyubulaiti, fremu 24, giza linakimbia juu ya chuma. Kisha chukua kioo cha barakoa ya kuchomelea, namba 10, kiweke mbele ya lensi. Kila kitu kinakuwa cheusi, unabaki na kidimbwi cha chuma kinachoyeyuka, mara nyingi chenye ukijani. Usiusahihishe.

Bila kioo hicho, funga mpangilio wa mwanga wa kamera kabla moto haujawaka, la sivyo picha inazama gizani kila fundi anapogusa chuma. Kaa mita 2, cheche huweza kuacha vishimo kwenye kioo cha lensi. Na macho yako yavalishe barakoa: unatazama skrini, lakini mwanga unakuingia kwa juu ya simu.

Kivuli_Moshi
Asanteni sana. Nimepima, dakika ya 20 ni robo sekunde. Sasa nje saa 7 mchana, kwa 1/50 picha inaungua yote, nyeupe tupu.

MkataPicha
Tundu la lensi ya simu nyingi halibanwi kupunguza mwanga, kwa hiyo kwa jua kali na ISO 50 unahitaji kichujio ND64, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 64. Nunua cha kiwango kimoja. Vile vya kuzungusha, ukifika mwisho vinaleta msalaba mweusi katikati ya picha. Ukikosa, nje hakuna taa za hezi 50: panda hadi kama 1/3200, ukubali mwendo ukatekate kidogo.