Taa ya siku tisa za Navratri: samli au mafuta ya ufuta?

utambi_mmoja
Habari zenu jamani. Navratri, sikukuu yetu Wahindu ya Mata, mungu wetu wa kike, inakaribia na mwaka huu mama mkwe kaniachia mimi akhand jyot, yaani taa isizimike usiku wala mchana siku zote tisa. Sijawahi. Dukani nimeona diya (taa ndogo za utambi) mbili, ya shaba yenye chemni na ya udongo iko wazi tu. Halafu niweke samli au ufuta? Samli imepanda bei kwelikweli. Nanunua Jumamosi.

ba_wa_kisutu
Mwanangu hujasema uko mji gani, unakaa fleti au nyumba ya chini, feni iko upande gani, na mchana nani anabaki nyumbani. Taa ya akhand haiachwi peke yake. Anza na hilo, samli baadaye.

baridi_ya_parklands
Ba (bibi yetu) kasema kweli, mji ni muhimu. Huku Nairobi usiku samli inaganda ndani ya diya, moto uko juu unanyonya kidogo kidogo mwisho utambi unaungua wenyewe na chini samli imejaa tele. Mafuta ya nazi ndo usiseme, chini ya nyuzi 24 yameshaganda. Ufuta haugandi, na Watamil wanawashia ufuta toka enzi. Mimi ufuta tu.

ba_wa_kisutu
Sisi Wagujarati kwa Mata tunaweka samli. Ya samli inakaa kuliani kwa Mata, ya mafuta kushoto, bibi yangu alitoka na hiyo Jamnagar kule India na sijaibadilisha.

ben_wa_makupa
Dada chukua ya chemni, nakuomba. Mwaka juzi niliweka ya udongo wazi, na samli nilinunua ya kupima, rahisi, nikaona nimepata. Siku mbili za kwanza sawa. Ya tatu ikaanza kulia tatata, kumbe ina maji, cheche zinarukia kitambaa chekundu cha Mata. Nikasogeza kitambaa nikaendelea. Usiku wa saba, kama saa tisa hivi, nikaona moto umekuwa mdogo, ncha ya utambi imeota donge jeusi la masizi kama punje ya pilipili manga, nikachukua kibanio cha nywele nilitoe, utambi wote ukateleza ukazama kwenye samli. Giza. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka mume wangu akaamka. Sikuwa najua kwamba kabla hujagusa utambi unawasha diya ndogo pembeni kwa moto uleule, hiyo inashika zamu, ukimaliza unarudishia moto kutoka kwake. Hilo ndo ningependa mtu angeniambia.

jirani_wa_leicester
Pole sana ben (dada). Sisi huku king'ora cha moshi kinalia tukiwasha diya tatu tu, na kazini lazima uende, kwa hiyo mchana tunaweka ya umeme.

ba_wa_kisutu
Ya umeme ni pambo. Taa inakula, unailisha, ndiyo ibada yenyewe.

jirani_wa_leicester
Ba kwa heshima, Mata anajua hali zetu. Nyumba ikiungua je?

baridi_ya_parklands
Mi nauliza, ikizimika kweli ni mkosi? Pandit (kuhani) wetu alisema omba radhi, washa tena, endelea.

ba_wa_kisutu
Hapo yuko sawa. Kuipuliza kwa mdomo ndiyo hapana.

utambi_mmoja
Asanteni wote. Niko Dar, Upanga, ghorofa ya tatu, feni iko juu ya mandir (madhabahu ya nyumbani) kabisa, na mama mkwe yupo siku nzima ila magoti hayamruhusu kuinama. Naona ya chemni, lakini je chemni haitapasuka na joto la siku tisa? Na utambi mmoja unafika au nibadilishe?

ben_wa_makupa
Weka mrefu, wa pamba, uwe unausukuma kidogo kila asubuhi. Mimi kilo na nusu ya samli ilitosha.

baridi_ya_parklands
Kilo na nusu kwa bei ya sasa?? Ufuta dada. Halafu anayejua Nairobi wapi wanauza garbo (chungu cha kuwekea taa) ya udongo yenye matundu aniambie, mwaka jana zote zilikuja zimevunjika.