Ruhusa ya jeshi kwa wafanyakazi wa shule Marekani: tupeane uzoefu

Mleta uzi: Wakuu, kuna Waswahili kibao Marekani wameajiriwa shuleni na papo hapo wako National Guard (kikosi cha ulinzi cha jimbo) au jeshi la akiba. Tuwekane sawa. Naanza na taarifa. Sheria ya USERRA ya 1994, ile ya shirikisho inayolinda kazi ya anayeitwa jeshini, inataka umjulishe mwajiri mapema. Hata kwa mdomo inakubalika, ila tuma barua pepe ili tarehe ibaki. Usiandike "naomba ruhusa", maana si ombi. Andika unaondoka lini na unatarajia kurudi lini. Oda (barua rasmi za jeshi za kukuita) zikichelewa usizisubiri. Mkuu wa shule anahitaji muda wa kutafuta mwalimu wa kushikilia darasa.

Mwalimu wa Hesabu: Mshahara ndipo watu wanajichanganya. USERRA inalinda kazi, hailipi. Malipo yanatoka kwenye sheria ya jimbo. Texas inatoa siku za kazi 15 kwa mwaka wa fedha. California ni siku 30 za kalenda, tena uwe umetimiza mwaka kazini, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zinaliwa humo humo. Zikiisha, mwenye mkataba wa siku 187 anakatwa 1/187 kwa kila siku ya shule aliyokosa. Mazoezi ya mwaka yakiangukia likizo ya kiangazi, nje ya siku za mkataba, usijaze fomu ya ruhusa kabisa, utajichomea siku zako bure. Na hakuna wa kukulazimisha utumie likizo yako ya kawaida.

Dereva wa basi la shule: Mazoezi ya wikiendi nayo yana hesabu yake. Kwa huduma isiyozidi siku 30 unaripoti zamu ya kwanza ya siku inayofuata, lakini baada ya kufika nyumbani na kupumzika saa 8. Ukifika Jumapili saa nne usiku, saa 8 zinatimia saa kumi na mbili asubuhi. Basi linalotoka saa kumi na moja na nusu si lako siku hiyo. Mwambie msimamizi Ijumaa apange dereva mwingine. Akijua alfajiri ya Jumatatu, watoto wameshasimama kituoni.

Karani wa utumishi: Huduma ya siku 31 hadi 180, una siku 14 baada ya kumaliza. Zaidi ya 180, una siku 90. Tunza DD-214, yaani cheti cha jeshi cha kumaliza huduma, tutaiomba. Bima ya afya: ukiwa nje siku 30 au pungufu unalipa makato yako yale yale. Zaidi ya hapo unaweza kuiendeleza hadi miezi 24, ila mwajiri anaruhusiwa kukutoza hadi asilimia 102 ya gharama nzima. Wengi wanashtukia bili. Linganisha kwanza na TRICARE, bima ya afya ya jeshi.

Mleta uzi: Mkuu, hizo siku 14 ni za kuripoti au za kuomba?

Karani wa utumishi: Za kuomba kurudi. Andika uweke tarehe, ubaki na nakala. Wakikuzungusha, ESGR, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayoshughulikia waajiri na wanajeshi wa akiba, wanasuluhisha bure.