Naomba ushauri: taneli za MPLS TE zinachelewa kuhama linki ikikatika

Habari zenu wakuu, naombeni msaada hapa maana nimekwama siku ya tatu sasa.

Nina ruta 5, zinaendesha OSPF (ya ruta kujuzana njia) na RSVP-TE (inayojenga taneli za MPLS TE, yaani njia maalum za kupitishia trafiki). Taneli kuu ina njia mbili, namba 10 nimeipanga mwenyewe ruta kwa ruta, namba 20 nimeiacha ruta ijitafutie kwa CSPF (hesabu ya njia fupi inayotimiza masharti). FRR (ya kuhamishia trafiki haraka kwenye taneli ya akiba linki ikikatika) nimeiwasha kwenye ruta ya mwanzo wa taneli, na taneli ya akiba iko kwenye ruta ya katikati, inakwepa linki ninayoilinda, na nikicheki inaonyesha iko tayari kabisa. Sasa nikikata linki nilitegemea ihame ndani ya milisekunde 50 hivi, lakini trafiki inapotea kama sekunde 40 nzima ndo inarudi, yaani sawasawa na muda wa OSPF kumtangaza jirani amekufa, na hiyo kwa simu za sauti ni maumivu makubwa.

Kati ya hizo ruta mbili kuna swichi, kwa hiyo upande mmoja ukikatika intafesi ya upande wa pili inabaki juu, nadhani tatizo ndo hapo. Nimejaribu kushusha taima za OSPF, ikapungua kidogo tu.

Maswali yangu: niweke BFD (ya kugundua haraka jirani akipotea) kwenye OSPF au lazima niifunge na RSVP pia ili FRR ishtuke? Na linki ikipona, taneli inakaa hata saa nzima kwenye njia ya 20, nipunguze taima ya kuoptimaizi upya au niiambie irudi linki inapopanda tu, bila kuyumbisha mtandao?